Homa ya Wallace, Damu ya Musoma: Mwongozo wa Kusoma Historia ya Uteuzi Asilia Ukiwa Kikatiti

Mwanafunzi wa kidato cha nne hukutana na uteuzi asilia kama aya moja ya kukariri: viumbe hutofautiana, huzaliana kuliko chakula kinavyotosha, wenye tofauti inayowafaa huishi na kuzaa zaidi, na watoto wao hurithi tofauti hiyo. Anaijibia mtihani, anafunga daftari, basi. Asichoambiwa ni nani alilijua jambo hili, alilijuaje, na kwa nini watu wazima wenye akili zao walilibishania kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kikatiti, Meru, anayetaka kujua hayo. Tuseme una simu, una bando la wiki, Kiingereza chako ni cha sekondari, na maktaba ya karibu ni safari ya hiace hadi mjini Arusha. Hivyo vinatosha kuanzia. Kinachowashinda wengi ni mpangilio: mtu anaanza na kitabu kizito kuliko vyote, tena toleo baya kuliko yote, anachoka ukurasa wa kumi na tano na kusema mambo haya ni ya wazungu.

KWA NINI UJISUMBUE

Sababu ya kwanza iko shambani na zahanati. Kanitangaze, mdudu mharibifu wa nyanya, aliingia Arusha mwaka 2014, na mkulima wa nyanya anaijua dawa inayoua vizuri msimu wa kwanza halafu ikashindwa. Mfugaji anaijua dawa ya kupe ya namna hiyohiyo. Na waliokua miaka ya tisini wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na kuwashwa mwili mzima. Tanzania iliiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria, ikashika dawa ya SP, na mwaka 2006 ikahamia dawa ya mseto. Kila badiliko hapo lilisababishwa na uteuzi asilia kufanya kazi kwa vimelea ndani ya damu za watu. Ukijua jinsi wazo hili lilivyogunduliwa, utaelewa kwa nini muuguzi anakusihi umalize dozi ya mseto hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Vitabu vingi vinaisimulia historia hii kana kwamba ilianzia Uingereza, ikapita visiwa vya Galapagos, ikarudi Uingereza na kuishia hapo. Lakini ushahidi wa kwanza ulio thabiti kwamba uteuzi asilia unafanya kazi kwa binadamu ulitoka kwenye damu ya watu wa Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, na Musoma yetu. Anzia huko.

KABLA HUJAANZA: KUNDI NA VIFAA

Unaweza kusoma peke yako, ila kundi la watu wanne hadi sita hufika mbali zaidi. Tafuta mwalimu wa baiolojia, mtu wa zahanati, mkulima au mfugaji mmoja, na mtu mmoja anayelipinga wazo lenyewe. Huyo wa mwisho usimwache, ndiye atakayewazuia kusema ovyo. Chagueni jioni ya siku ya kazi. Jumamosi mtawakosa Wasabato, Jumapili mtawakosa wengine wote.

Kiingereza kisiwatishe. Someni kwa zamu: mmoja anasoma aya, anayefuata anaieleza kwa Kiswahili bila kuangalia maandishi. Asipoweza, aya inasomwa tena. Ni kazi ya polepole, lakini mtu aliyeeleza kurasa ishirini kwa namna hii anajua zaidi ya aliyepitisha macho kurasa mia mbili.

Kuhusu kupata vitabu, kumbuka jambo moja la kisheria linalopunguza gharama. Charles Darwin alifariki mwaka 1882 na Alfred Russel Wallace mwaka 1913. Haki miliki za maandishi yao zimekwisha zamani, kwa hiyo unaweza kuyashusha bure, kuyachapa steshenari, kuyatolea kopi na kuyabaindi bila kumwibia mtu. Vitabu vya wanahistoria walio hai ni suala jingine: hivyo vinunuliwe au viazimwe. Tovuti za Darwin Online na Wallace Online zina karibu kila kitu walichochapisha hao wawili, na hazidai hata senti. Barua za Darwin ziko kwenye mradi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Darwin Correspondence Project, zaidi ya 15,000, nazo pia ni bure.

Pakua faili za maandishi matupu, si picha za kurasa. Za picha hula bando lote.

HATUA YA 1: ANZA NA DAMU

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alitaka kujua nani ana chembe ya urithi ya selimundu. Akakuta jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya mtu mmoja katika watano alikuwa nayo, lakini nyanda za juu za Kenya haikufika hata mmoja katika mia.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Mtoto anayerithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama anaugua selimundu, na enzi hizo wengi walifariki kabla ya kukua. Chembe inayoua watoto ilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Mbona imejaa namna hii, tena mahali penye mbu? Allison akakisia kwamba aliyerithi chembe moja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Mwaka 1953 alirudi kupima. Nchini Uganda alichunguza watoto wapatao 290, akaona wenye chembe moja wana vimelea vichache zaidi. Mwaka 1954 alichapisha matokeo katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal. Mwaka 1956 akatoa hesabu za Musoma, na hizo ndizo mtakazozifanyia kazi.

KISANDUKU: ZOEZI LA MUSOMA

Watoto wachanga 287: 189 hawana chembe ya selimundu, 89 wana moja, 9 wana mbili.
Watu wazima 654: 400 hawana, 249 wana moja, 5 wana mbili.

1. Tafuta asilimia ya kila kundi kwa kikokotoo cha simu.
2. Utapata hivi: kwa watoto takriban 66, 31 na 3, kwa watu wazima takriban 61, 38 na pungufu ya 1.
3. Jiulize ni kundi gani limepungua njiani, na kwa sababu gani. Wenye chembe mbili wengi waliuawa na selimundu. Wasio nayo kabisa walipunguzwa zaidi na malaria. Wenye moja wamebaki wengi.
4. Sasa mpe nafasi yule mpinzani wenu. Hawa watu wazima si wale watoto waliofuatiliwa hadi wakakua. Ni watu wengine waliopimwa kipindi kilekile. Hilo linaudhoofisha ushahidi kiasi gani? Mngehitaji kupima nini ili muwe na uhakika zaidi?

Msilipite swali la nne haraka. Huo ndio ustadi wenyewe, na vitabu vyote vinavyofuata vitausomesha upya kwa mifano mingine.

Kuna na jambo la kujadili kwa uzito. Katika utafiti wa Allison uliochapishwa mwaka 1954, wanaume 30 Wajaluo waliojitolea waliambukizwa malaria makusudi: 15 wenye chembe ya selimundu na 15 wasio nayo. Kati ya wasio nayo 14 walipata malaria; kati ya wenye nayo, 2 tu. Matokeo yako wazi kama mchana. Lakini ilikuwa Kenya ya mkoloni, na msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kujitolea kulimaanisha nini kwa mtu aliyetawaliwa. Kama mna mtu wa zahanati kwenye kundi, mpeni dakika zake hapa.

Yeyote anayetaka kuona kabla ya kusoma, ipo filamu fupi ya dakika kumi na nne hivi, The Making of the Fittest: Natural Selection in Humans, ambamo Allison mwenyewe, mzee, anasimulia. Alifariki mwaka 2014.

HATUA YA 2: KURASA KUMI NA NANE ZA MWAKA 1858

Sasa rudini nyuma karibu miaka mia. Msifungue kitabu kikubwa cha Darwin bado. Tafuteni makala ya pamoja ya Darwin na Wallace iliyosomwa kwenye Linnean Society ya London tarehe 1 Julai 1858. Ni kurasa kumi na nane tu, jioni mbili zinatosha.

Kisa chake ni hiki. Wallace alikuwa mkusanyaji wa ndege na wadudu, asiye na mali wala cheo, akizunguka visiwa vya nchi ambayo leo ni Indonesia. Mapema mwaka 1858 alishikwa na homa ya vipindi, ile ya baridi na joto kupokezana, na akiwa amejilaza akakumbuka kitabu cha Thomas Malthus cha mwaka 1798 kuhusu watu kuongezeka kuliko chakula. Akajiuliza: kwa nini wengine hufa na wengine huishi? Homa ilipoondoka aliandika jibu na kulituma kwa Darwin kutoka Ternate. Darwin alikuwa na wazo hilohilo tangu mwaka 1838, ameandika muhtasari mwaka 1842 na insha ndefu mwaka 1844, na hajachapisha kitu. Rafiki zake Charles Lyell na Joseph Hooker waliunganisha vipande vya maandishi yake na insha ya Wallace, vikasomwa pamoja.

Siku hiyo mwandishi hata mmoja hakuwepo. Darwin alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga siku tatu kabla; Wallace alikuwa mbali, hata habari hana. Na wasikilizaji hawakushtuka. Rais wa chama hicho, Thomas Bell, aliutazama mwaka ule akasema haukuwa na uvumbuzi wa kutikisa elimu. Sijui mwanasayansi mwingine aliyepitwa na jambo kubwa kiasi hicho huku amelikalia kiti cha mbele.

Mnaposoma, gawaneni: wawili washike kipande cha Darwin, wawili cha Wallace. Kila upande uorodheshe mifano inayotumiwa. Mtaona Darwin anategemea sana wafugaji wanaochagua mbegu, jambo ambalo mtu yeyote anayechagua masuke ya mahindi ya kuhifadhi au beberu wa kupandisha analielewa bila mwalimu. Wallace yeye anawakataa wanyama wa kufugwa kama ushahidi. Wazo ni moja, njia mbili. Anayesema mmoja alimwibia mwenzake hana budi kuieleza tofauti hiyo.

HATUA YA 3: MZEE NA DAFTARI LAKE LA UJANA

Autobiography ya Darwin ni fupi na Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha vitabu vyake vingine. Ilichapishwa mwaka 1887 baada ya kifo chake, ikiwa imepunguzwa na mwanawe Francis. Kamili ilitolewa na mjukuu wake, Nora Barlow, mwaka 1958. Tafuteni hiyo ya pili. Mengi yaliyoachwa mwanzo yalihusu dini.

Humo Darwin anasema alimsoma Malthus Oktoba 1838. Daftari lake la siku hizo lipo hadi leo, na linaonyesha tarehe 28 Septemba. Tofauti ni ndogo, lakini inafundisha: mzee anakumbuka, daftari linaandika. Kumbukumbu inapogongana na karatasi ya siku yenyewe, shika karatasi, hata kama mwenye kumbukumbu ni Darwin. Kanuni hiyohiyo itumieni kwa Wallace pia, kwa sababu simulizi ya homa tunayoipenda sote aliiandika miaka mingi baadaye, ikiwemo ile iliyomo kwenye My Life ya mwaka 1905.

HATUA YA 4: KITABU CHENYEWE, TOLEO SAHIHI

On the Origin of Species kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250. Darwin alikirekebisha mara nyingi; matoleo ya uhai wake ni sita: 1859, 1860, 1861, 1866, 1869 na 1872. Faili nyingi za bure mtandaoni ni toleo la sita, na hilo ndilo lenye kuchosha kuliko yote, kwa sababu Darwin amekaa anawajibu wapinzani kila ukurasa. Kwa anayesoma historia ya ugunduzi, linalofaa ni la kwanza.

KISANDUKU: TAMBUA TOLEO KWA DAKIKA TANO

□ Hesabu sura. Toleo la kwanza lina 14. La sita lina 15.
□ Angalia kama mwanzoni kuna maelezo ya kihistoria kuhusu waliotangulia. Kama yapo, si la kwanza.
□ Soma sentensi ya mwisho kabisa ya kitabu. Kama imemtaja Muumba, ni la pili au la baada yake.
□ Tafuta maneno "survival of the fittest". Yalibuniwa na Herbert Spencer mwaka 1864. Darwin aliyaingiza mwaka 1869. Ukiyakuta, umeshika la tano au la sita.

Msikisome chote. Someni sura ya 1 kuhusu wanyama na mimea ya kufugwa, na msishangae kurasa nyingi za njiwa. Kisha sura ya 3 na ya 4, ambazo ndizo moyo wa hoja. Halafu sura ya 6, ambako Darwin anaorodhesha mwenyewe ugumu wa nadharia yake. Malizieni na ya 14. Zilizobaki zisomwe na mwenye hamu.

HATUA YA 5: WALLACE, NA WALIOBEBA MIZIGO

The Malay Archipelago cha mwaka 1869 kinasomeka kama kitabu cha safari. Kuna kijana mmoja humo mkae naye: Ali wa Sarawak, mpishi kwanza, kisha mwindaji na mchunaji ngozi za ndege hodari kuliko wote aliokuwa nao Wallace. Katika kisiwa cha Bacan, mwaka 1858, ni Ali aliyerudi na ndege wa peponi ambaye Ulaya haikuwahi kumwona. Ndege huyo akapewa jina la Wallace.

Jengeni tabia hii kwa kila kitabu cha historia ya sayansi: nenda kwenye faharasa ya nyuma, tafuta majina ya wasaidizi, wapagazi, wakalimani. Darwin alipokuwa mwanafunzi Edinburgh, mwaka 1826, alifundishwa kuchuna na kujaza ndege na John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa Guyana kabla ya kuwa huru. Kitabu kinachomtaja kwa jina na kinachosema "mtu mmoja mweusi" tu ni vitabu viwili tofauti, hata kama vina jalada linalofanana.

HATUA YA 6: WANAHISTORIA

Hapa hakuna haja ya wengi. Kwa maisha ya Darwin, Janet Browne, majuzuu mawili: Voyaging (1995) na The Power of Place (2002). Ni mazito na bei yake inauma. Muwe na mtu wa kuwaazimia mjini au mchange. Kwa historia ya wazo lenyewe, Peter Bowler, Evolution: The History of an Idea. Kwa waliotangulia, Rebecca Stott, Darwin's Ghosts (2012), kinachosomeka kama riwaya. Kwa Wallace, Peter Raby (2001).

Na kimoja cha kwetu, au karibu na kwetu: Tijs Goldschmidt, Darwin's Dreampond, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Mwandishi ni Mholanzi aliyekaa Mwanza miaka ya themanini akichunguza furu wa Ziwa Victoria, samaki wadogo wa mamia ya spishi, wakati uleule sangara alipokuwa akiwamaliza. Kuna wavuvi humo, kuna mitumbwi, kuna mtafiti anayechanganyikiwa kwa kuhesabu meno ya samaki. Kama kundi lenu litanunua kitabu kimoja tu cha kisasa, pendekezo langu ni hicho, mbele ya Browne.

KUPIMA MADAI YA "FULANI ALITANGULIA"

Mtaletewa madai haya kwenye simu kila wiki: kwamba Darwin hakugundua kitu, fulani alishasema. Msikubali wala kukataa. Pimeni kwa maswali matatu.

1. Je, mtu huyo alisema viumbe wa aina moja hutofautiana na tofauti hurithiwa?
2. Je, alisema tofauti hizo ndizo zinazoamua nani aishi na kuzaa zaidi?
3. Je, alisema kwamba jambo hilo likijirudia vizazi vingi aina yenyewe hubadilika?

Mchukueni Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa, mwandishi wa Kitab al-Hayawan na pia wa risala ya kuwatetea weusi, Wazanji wakiwemo. Aliandika kwa ustadi jinsi wanyama wanavyolana na mazingira yanavyowaathiri. Watetezi wake wanampa alama zote tatu. Wanahistoria wengine wanaona la pili na la tatu limetiliwa maneno na wafasiri wa leo. Ni mwandishi mkubwa vyovyote vile, na hahitaji kuvikwa kanzu ya Darwin.

William Wells ni kisa cha kuvutia zaidi kwetu. Daktari huyu alisoma makala mbele ya Royal Society mwaka 1813, ikachapishwa mwaka 1818 baada ya kifo chake. Alisema kwamba kati ya wakazi wa mwanzo wa Afrika ya kati, waliotokea kuhimili maradhi ya nchi wangeongezeka, na wengine wangepungua. Akadhani hao wangekuwa weusi, na kwamba ndivyo weusi ulivyoenea. Kuhusu rangi alikosea. Lakini isome hoja yake kisha urudi kwenye zoezi la Musoma: maradhi yanayochagua, Afrika, waliorithi kinga wakibaki wengi. Wells alikisia kutoka kitini London. Allison alihesabu damu. Darwin hakuijua makala hiyo alipoandika Origin. Aliitaja kwenye toleo la 1866.

Patrick Matthew, Mskoti, aliliweka wazo mwaka 1831 ndani ya kiambatisho cha kitabu kuhusu mbao za meli. Anafaulu vizuri maswali matatu. Ila hakulifuatilia kwa ushahidi, na hakuna aliyelitumia kwa kazi yoyote hadi yeye mwenyewe alipolalamika mwaka 1860. Darwin alikiri hadharani. Vipo vitabu vya siku hizi vinavyodai wizi, ama kwa Matthew ama kwa Wallace. Visomeni baada ya hatua ya 2 na ya 3, si kabla.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Ndege wadogo wa Galapagos (finches). Vitabu vya shule husema Darwin aliwaona ndege hao, akatazama midomo yao, akagundua. Sivyo. Hakuwawekea hata alama za kila mmoja ametoka kisiwa gani, na ni John Gould, mtaalamu wa ndege, aliyemwambia mwaka 1837 kwamba ni spishi tofauti. Umaarufu wao uliletwa zaidi na kitabu cha David Lack cha mwaka 1947. Kazi ya kuwapima kweli, mwaka hadi mwaka, ilianzwa na Peter na Rosemary Grant mwaka 1973. Jonathan Weiner ameisimulia katika The Beak of the Finch.

Kusema mdudu amezoea dawa. Mdudu aliyepuliziwa hajajifunza kitu. Waliokuwa na tofauti ya kuhimili tangu kuzaliwa ndio waliobaki, wakazaa. Mlango huwa wazi pande zote mbili: Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, na miaka iliyofuata vimelea vinavyouawa na klorokwini vilirudi kuwa vingi.

Kuchanganya mafuvu na uteuzi. Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus Olduvai tarehe 17 Julai 1959, miaka mia baada ya kitabu cha Darwin. Ni ushahidi kwamba ukoo wa binadamu una historia ndefu hapa. Peke yake hausemi ni nini kilichosababisha mabadiliko. Ukienda Makumbusho ya Elimu Viumbe mjini Arusha, ndani ya boma la Wajerumani, nenda na swali hilo mkononi.

Kupitisha matusi kama sayansi. Katika The Descent of Man (1871) mtakuta Darwin akikisia, kwa usahihi, kwamba chimbuko la binadamu huenda ni Afrika, na kurasa nyingine akiwapanga watu kwa ngazi za ustaarabu kama waungwana wa zama zake. Semeni wazi kipi kina ushahidi na kipi ni desturi ya wakati. Si mambo ya mbali: mwaka 1933 walowezi na madaktari Nairobi waliunda chama cha kuboresha mbari na kudai ubongo wa Mwafrika ni pungufu. Chloe Campbell ameichambua habari hiyo katika Race and Empire (2007).

MASWALI YA DINI

Yatakuja, Meru hii ina makanisa kila kona. Msiyakwepe, ila yapangieni jioni yake. Kwa siku hiyo tumieni barua, si mabishano. Someni barua walizoandikiana Darwin na Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo na mtetezi wake, na barua ya Novemba 1859 kwa Darwin kutoka kwa mchungaji Charles Kingsley, ambaye hakuona kwamba wazo hili linamwondoa Mungu. Kisha wasomeni walioona kinyume. Mchungaji au shehe akialikwa, apewe kurasa hizo wiki moja kabla, kama mwanakundi mwingine yeyote. Shikamoo aipate, hotuba ya mwisho asiahidiwe.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KIKAO CHA KWANZA

□ Watu wanne hadi sita, na mpinzani mmoja miongoni mwao.
□ Hesabu za Musoma zimenakiliwa kwenye karatasi kubwa.
□ Makala ya 1858 imechapwa, nakala moja kwa watu wawili.
□ Origin toleo la kwanza limeshushwa na kukaguliwa kwa dakika tano zile.
□ Daftari moja la kundi. Kila dai liandikwe pamoja na mwaka na jina la aliyelisema. Dai lisilo na hivyo liwekwe kwenye ukurasa wa nyuma hadi mtu alete.
□ Mchango wa kopi umekubaliwa, na mwenye kuushika anajulikana.